Bwana Mganga wa Homa ya Papasi

Jina lake nalijua, lakini silitaji, maana hakuna aliyelitumia. Kuanzia Kilosa mjini mpaka Mikumi watu walimwita Bwana Mganga, na hata mkewe alipomgombeza kwa kuchelewa kula alimgombeza hivyo hivyo: "Bwana Mganga, ugali umepoa!" Siku hizi vijana wakisikia mganga wanafikiria hirizi na tunguri. Miaka ile ya baada ya Uhuru, mganga alikuwa mtu wa serikali mwenye koti jeupe na darubini, na huyu wetu ndiye aliyeshika zahanati ya kijiji kwenye barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Mimi nilikuwa nesi wake. Nilikaa naye kazini miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimchukia. Nilimpenda pia. Hapo ndipo penye shida.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikanyooka na soksi ndefu za kufika magotini, mtindo wa Waingereza, wakati wakubwa wote wameshahamia kwenye mashati ya kitenge. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alimwambia mbele za watu, "Bwana Mganga, mkoloni ameshaondoka, hizo soksi zake umpelekee." Akajibu bila hata kuinua uso, "Mkoloni ameondoka, mbu amebaki." Watu wakacheka mpaka mwenyekiti naye akacheka. Lakini siku za kulima shamba la ujamaa hakuwa na majibu. Alilima matuta mawili, matatu hivi, akasimama, akashika kiuno, halafu ghafla akakumbuka ana mgonjwa zahanati. Kila mtu alijua hakuna mgonjwa. Walimwacha aende kwa sababu jembe lake lilikuwa linakata mahindi badala ya majani.

Kwenye drafti alikuwa mwizi. Alicheza kwa vifuniko vya soda na fundi baiskeli pale njiani, na ukigeuka kusalimia mtu tu, kifuniko chako kimehama. Ukimkamata anasema, "Kumbe unaona? Nilidhani una mtoto wa jicho." Na mwanamume huyo, aliyechoma sindano watu wa vijiji vyote vya huku, aliogopa sindano kama mtoto mchanga. Ilipokuja kampeni ya chanjo na wafanyakazi wote tukaamriwa kuchanjwa, tulimkuta amejificha stoo nyuma ya maboksi ya pamba. Mgongo ukimuuma hakumeza vidonge vyetu. Alikwenda kwa bibi mmoja wa milimani akapewa mizizi, akaichemsha kwake, na nilipomshika akasema anafanya uchunguzi.

Yeye alitoka upande wa Tabora, mimi ni wa milima ya huku, na watu wetu ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, wao wakiwa wapagazi. Asiyejua utani aelewe hivi: mtani ana ruhusa ya kukusema usoni, kuchukua kuku wako, na kutamka yale ambayo ndugu yako hathubutu kutamka, na wewe huna haki ya kukasirika. Msibani ndiko anakofanya kazi hasa. Anaigiza alivyokuwa marehemu, alivyotembea, alivyofoka. Anaingia kaburini, analala, anagoma kutoka mpaka apewe kitu. Anawachekesha wafiwa wakati hawataki kucheka, na baadaye wanamshukuru. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mtani." Naye, "Marahaba. Bado hujafa tu? Zile sufuria zako nimeshazitafutia mafiga." Nami namwambia mpagazi hana mafiga, ana mzigo kichwani basi. Hivyo ndivyo tulivyofungua zahanati, na wagonjwa kwenye benchi walicheka hata wenye homa.

Kazi yake aliijua, jamani, hilo nisimnyime. Alikunusa mdomo, akakufunua macho, akalaza sikio kifuani mwako kabla hajatafuta kipimo cha kusikilizia. Halafu, mara nyingi sana, alisema neno ambalo watu walikuwa hawajalisikia kwa mtu wa dawa. Alisema, "Sijui." Akakwambia kabisa, "Sijui una nini. Rudi kesho tutazame tena." Wengine waliondoka wamechukia. Kwa mganga wa kienyeji hata hujakaa chini ameshajua, na jina la jirani aliyekuloga analo. Huyu serikali imemsomesha halafu hajui! Hatukuwa na umeme, darubini yake ilitegemea kioo cha kukamata mwanga wa jua, na meza aliihamisha kutoka dirishani mpaka mlangoni akifuata jua linavyosogea. Masika mawingu yakifunga, aliyatukana kwa Kinyamwezi.

Sasa niseme habari ya papasi, maana bila hiyo huwezi kumwelewa. Papasi ni kidudu cha kijivu kinachokaa kwenye vumbi la sakafu ya nyumba ya udongo. Kinatoka kukuuma umelala na kurudi mafichoni kabla hujaamka. Kikiwa na ugonjwa, unashikwa na homa kali, kichwa kinapasuka, unatapika. Baada ya siku chache homa inaondoka yenyewe, jasho linakutoka, unaomba uji, unasema nimepona. Halafu inarudi. Vijidudu vyenyewe vinaonekana kwenye damu homa ikiwa imepanda. Ukipima imeshuka, kioo cha damu kinatoka safi kabisa. Ndiyo maana ugonjwa huu ulimpa sifa kila mtu: aliyemeza klorokwini aliisifu klorokwini, aliyechanjwa chale alizisifu chale, na wote homa iliwarudia.

Dawa yake ilikuwa penisilini, na penisilini nayo ina mambo yake. Inaua vijidudu vyote kwa mkupuo, na mwili unapigwa na sumu yao. Mgonjwa anatetemeka kitanda kinagonga ukuta, homa inapanda kuliko mwanzo, kisha presha inaanguka. Wengi wanavuka. Wachache hawavuki, na mjamzito ndiye wa kuogopewa zaidi. Lakini usipomchoma, homa itarudi na kurudi, na huenda ikamchukua yeye na mtoto. Huo ndio mtihani, na hauna jibu moja.

Dada yangu mkubwa aliolewa na mtu wa reli, akakaa naye Mikumi kwenye nyumba za kazi zenye sakafu ya saruji. Alikuwa amesoma shule ya misheni kama mimi, tena alinizidi akili, ila yeye alipenda kuolewa na mimi nilipenda kuvaa yunifomu. Alipopata mimba ya kwanza ilibidi arudi kwa mama kujifungua, ndivyo desturi yetu ilivyo. Mama wakati huo alikuwa ameshashushwa kutoka milimani pamoja na ukoo mzima, wakapewa viwanja vya mstari kando ya barabara, katika kijiji hiki hiki chenye zahanati yetu. Nyumba ilikuwa mpya, udongo wa kuta bado unanukia. Dada akaja na lori, tumbo mbele, anacheka, kikapu cha machungwa mkononi.

Hazikupita wiki nyingi akashikwa na homa. Mama alimleta siku ambayo homa ilikuwa imeshuka alfajiri. Bwana Mganga alimtazama muda mrefu, akachukua damu, akaipaka rangi, akalifuata jua mpaka mlangoni. Kioo kilikuwa safi. Jioni yake aliniambia, "Mtani, ningekuwa nampima mtu wa nyumba ya zamani ningesema papasi. Lakini nyumba mpya ile, na wenzake wote wazima?" Akampa klorokwini. Dada akapona, akatwanga, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake ile mbaya. Halafu homa ikarudi.

Siku hiyo mimi nilikuwa Kilosa mjini, nimetumwa kuchukua dawa bohari. Haya yanayofuata nimeambiwa na mama, na nimemsimulisha mara nyingi mpaka akaniomba niache. Dada alifikishwa zahanati anawaka moto. Bwana Mganga alitazama damu yake, safari hii akaviona, vijidudu kama nyuzi zilizosokotwa. Akatoka nje akauliza, "Mjomba wake yuko wapi?" Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba, hukatwi mguu wala huolewi bila yeye. Mjomba alikuwa Rudewa kwenye msiba. Akatumwa mtu wa baiskeli. Bwana Mganga akasubiri, anatoka, anaingia, anatazama barabara. Jua lilipofika utosini akamwomba mama atoke nje, akafunga mlango. Mama alisikia sauti, ya Bwana Mganga, ya dada, tena ya Bwana Mganga, chini chini. Maneno hakuyasikia. Kisha mlango ukafunguliwa, akasema, "Nimemchoma."

Niliporudi alasiri na boksi la dawa kichwani nilikuta watu wamekaa chini uwanjani, na wanawake wameshajifunga kanga viunoni. Dada alikuwa amekwenda na mtoto wake tumboni. Bwana Mganga alikuwa bado amekaa pembeni ya kitanda, amemshika kifundo cha mkono pale pa kupimia mapigo, na mapigo hayakuwepo tena. Nilimwambia amwachie. Hakunisikia. Nikamtoa vidole kimoja kimoja.

Mimi ni nesi. Najua dawa inaweza kuua, na najua bila dawa angeweza kufa vile vile. Sikuwahi kumlaumu kwa kuchoma. Kilichonila moyo ni kile chumba kilichofungwa. Dada yangu alikuwa mtu mzima mwenye kinywa chake. Mjomba hayupo, basi mwenye neno alikuwa yeye. Je, aliambiwa kwamba sindano ile inaweza kumuua? Alipewa nafasi ya kusema choma, au acha, au niitieni mama yangu kwanza? Ama alidanganywa kimya kimya akachomwa kama ng'ombe anavyosukumwa kwenye josho? Nilimuuliza Bwana Mganga wiki ile ile. Akanijibu, "Nilimchoma mimi." Nikamuuliza baada ya mwaka, akanijibu hivyo hivyo. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa matusi. "Nilimchoma mimi, mtani." Zaidi ya hapo hakuna.

Msibani alikuja. Ilibidi aje, mfanyakazi mwenzangu na mtani wa ukoo mzima. Watu walimpisha njia mpaka kaburini, wakasubiri afanye ya kwake: aingie, alale, adai kitu, aigize dada alivyokuwa akitembea na lile tumbo. Mjomba ndiye aliyepaza sauti. "Mtani! Kazi yako hiyo, ifanye!" Bwana Mganga alisimama ukingoni na soksi zake zimejaa vumbi, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. "Mtani!" mjomba akapiga kelele tena, sasa analia. Bwana Mganga akageuka akaondoka, akipita katikati ya makaburi ya watu bila kutazama anakokanyaga. Mtani kushindwa msibani sijawahi kuona kabla wala baada. Watu wote wakaelewa kwamba amekiri, na kuanzia siku ile penisilini ikaitwa sindano ya yule dada.

Miezi kadhaa baadaye, mchana, niliingia kwa mama nikamkuta Bwana Mganga amepiga magoti chumbani alikokuwa akilala dada. Ana kijiko cha chai, anachimba vumbi la kando ya ukuta na kulichekecha juu ya karatasi nyeupe. Mjomba amesimama mlangoni, kanzu yake anaishika kwa mikono miwili. Kwenye karatasi papasi walikuwa wanatembea. Papasi, kwenye nyumba ambayo haijamaliza hata mwaka! Bwana Mganga akainua uso. "Shikamoo, mjomba. Hawa wametoka wapi?"

Mjomba akakaa chini pale pale mlangoni, mama nyuma yake anasikiliza. Akasema alikuja nao. Wazee wa milimani wana imani, na si ya kijinga, kwamba papasi wa nyumbani kwako hawakudhuru kwa sababu mmezoeana. Wanaoua ni papasi wa ugenini. Kwa hiyo siku ya kuhama, huku wale wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini wanahimiza watu wapande magari, yeye alizoa vumbi la sakafu ya zamani na papasi wake, akalitia kwenye kibuyu, akaja kulimwaga kwenye nyumba mpya ya dada yake ili familia isipatwe na wa hapa. Alifanya kwa mapenzi. Na kweli hakuna aliyeugua, wote walikuwa wamezoea tangu utoto. Ila dada yangu, baada ya miaka ya kulala juu ya saruji ya Mikumi, mwili wake ulikuwa umeshasahau. Mjomba hakusema mapema kwa sababu mabwana afya walikataza watu kuhama na uchafu wa zamani. "Nikajua mimi ndiye niliyemuua," akasema, "ndiyo maana nilikupigia kelele wewe."

Bwana Mganga alikunja ile karatasi, akaitia kwenye jiko la mama. Akamwinua mjomba. Kisha akatuambia mimi na mama, kwa sauti ya kazi, kwamba neno hili lisitoke nje ya nyumba. Halikutoka. Aliacha kijiji kizima kiamini ni sindano peke yake, na mzee wetu akafa na heshima zake. Mimi sikujua nimshukuru au nimpige.

Toka hapo akawa mtu mwingine. Swali lake la kwanza kwa kila mgonjwa likawa, "Umelala wapi wiki hii? Na wiki iliyopita?" Hapo ugomvi! Mke wa mtu anaulizwa amelala wapi na mumewe amekaa pembeni. Mwanamume mmoja wa kwenye mashamba ya mkonge alisimama akataka kumkaba, na mkewe akasema, "Mwache, hata mimi nataka ujibu wewe kwanza." Mlango wa chumba cha kupimia hakuufunga tena. Wanawake walilalamika, akatundika pazia, lakini mlango ulibaki wazi mvua inanyesha. Na mara nyingine, akiwa anaingia, alisimama kwenye kizingiti kidogo, akajibana upande mmoja, kama unavyompisha mwanamke mwenye mimba. Halafu ndipo anaingia. Nilimwona, na yeye aliona kwamba nimemwona. Mimi mwenyewe, mpaka nilipohama pale, sikuwahi kukaa kwenye ule upande wa benchi aliokalia dada.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni ukweli wake. Aliyekutwa na homa ya papasi aliwekwa kitini, akatazamwa usoni, akaambiwa: "Sindano hii inaweza kukuua leo. Homa hii inaweza kukuua baadaye. Uwezekano mkubwa utavuka. Uamuzi ni wako." Mtu ana homa ya kupasua kichwa, jamani, na unampa mtihani! Bibi mmoja alimjibu, "Kwani wewe ulisomea kutisha watu? Choma, nina mihogo jua linaharibu." Akavuka, akawa anamletea maboga kila mavuno. Lakini wengi walisimama, wakafunga vizuri nguo zao, wakasema wanakwenda kushauriana na nyumbani. Walikuwa hawarudi.

Kulikuwa na kijana kutoka Rudewa, mchunga ng'ombe, kifua kipana, ndiyo kwanza ameoa. Alisikiliza yote, akacheka, akasema, "Kama ni kufa, nitafia kwa mama." Akaondoka. Tulisikia amefia kwa mama kweli. Siku hiyo nilimvaa Bwana Mganga mbele ya dresa, yule mfunga vidonda wetu, na wagonjwa wote.

"Ungemchoma tu! Ungemwambia ni dawa ya homa, ungemchoma, angekuwa hai!"

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ruhusa! Sasa kaburi limekupa ruhusa?"

"Alikuwa na haki ya kujua."

"Alikuwa na haki ya kuishi pia! Na dada yangu je, yeye haki yake ilikuwa wapi?"

Akaenda kwenye meza yake, akaisogeza juani. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, maana nilikuwa nimemtaka awe mtu wa kusema ukweli, na sasa ameusema, na nimeuchukia. Hilo lilinitesa kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Lakini waliokubali kuchomwa aliwakalia siku nzima. Hakula, hakunywa, hakwenda drafti. Alikuwa na mablanketi tayari, maji ya mshipa tayari, na vidole vyake juu ya mapigo. Mgonjwa akianza kutetemeka yeye naye alitetemeka. Akivuka, anaondoka bila kumuaga mtu, anakwenda kujimwagia maji.

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa Kilosa mjini, naye akastaafu, mkewe akafa, akaja kukaa mjini humo humo kwenye nyumba ndogo karibu na reli. Tulikuwa tunaonana sokoni, tunataniana kidogo, tunaachana. Ilikuwa kipindi kile dukani hakuna sabuni wala sukari, na kila mtu yuko kwenye foleni ya kitu. Mchana mmoja binti yake alinifuata kazini, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Baba amerudi kutoka Dar, hospitali kubwa. Wamesema ni kansa ya ini, imeshasambaa. Sisi tumemwambia vidonda vya tumbo. Najua atakuuliza wewe. Mama, nakuomba."

Sikumwahidi kitu. Nilikwenda. Alikuwa kwenye kitanda cha kamba, dirisha wazi, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Macho yalikuwa ya manjano.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Karibu, keti. Wanangu wananiambia nina vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo vinapaka macho rangi tangu lini?" Akasukuma shuka. "Weka mkono."

Niliweka. Ini lilikuwa limeshuka chini ya mbavu mpaka karibu na kitovu, gumu, lina mabonde kama kiazi kitamu kilichokosa maji. Alikuwa ananitazama usoni, si mkono. Binti yake alikuwa uani anaosha vyombo taratibu mno, anasikiliza.

"Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia kama alivyotufundisha mwenyewe, ana kwa ana, bila kuzunguka. Kwamba ni kansa, ni ini, hapa haina dawa na Dar haina dawa, na kwamba masika sidhani kama yatamkuta. Uani vyombo vikanyamaza.

Treni ya mizigo ikapita, kitanda kikatikisika, ikaisha.

"Kumbe inauma hivi," akasema. "Nimewafanyia watu hivi miaka yote ile?"

"Ulisema ni haki yao."

"Ni haki yao. Lakini inauma, mtani. Hakuna aliyerudi kuniambia." Akafumba macho. Nilidhani amelala, kisha akaendelea bila kuyafungua. "Yule dada yako aliniuliza kama atapona. Sindano nilikuwa nimeshaijaza. Maneno yote nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi nikimngoja mjomba. Alikuwa amelaza mkono juu ya tumbo. Nikamwambia, 'Utapona.' Akasema, 'Haya.' Akageuka mwenyewe nimchome."

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Nilimdanganya. Na si ili akubali, maana ningemweleza angekubali, mtu mwenye akili vile. Nilimdanganya kwa sababu aliniuliza."

Nilikuwa nimelingoja jibu hilo tangu nikiwa msichana. Nilikuwa nimeiweka hasira yake tayari, nimeitunza, na sasa nikaitafuta nisiipate. Nilimwona dada tu, akigeuka upande, hana hofu. Nikalia mpaka nikatafuta pa kujifutia nikakosa, nikajifutia kwenye pembe ya shuka lake. Yeye alinyoosha mkono akanishika kifundo, pale pa mapigo, akaniacha nilie.

Baadaye akaniita.

"Mtani."

"Abee."

"Nitapona?"

Nilidhani ni utani. Nikamtazama vizuri yale macho ya manjano. Haukuwa utani. Alikuwa anauliza kama mtu ambaye hajaambiwa kitu, na alikuwa anangoja.

"Utapona," nikamwambia.

"Haya," akasema, akageukia ukutani.